BÉLA GUTTMANN: KOCHA ALIYEACHA WACHEZAJI 20 KWA MPIGO, KISHA AKAPATA HABARI ZA EUSÉBIO KWA KINYOZI

Najua nimepotea kidogo, mambo ya kutafuta riziki si mnayajua. Leo naomba siasa tuziweke pembeni, tuongee mpira.

Yote yameanzia hapa hapa kwenye kijiwe cha intaneti ninapoandikia. Jumamosi iliyopita kulikuwa na ubishi mkali, jamaa mmoja anashikilia kwamba kocha hafungi magoli, magoli wanafunga wachezaji, na ukishakuwa na straika mwenye kipaji hata ukimkalisha muuza chipsi kwenye benchi timu itafunga tu. Mwingine akadakia kwamba kocha pekee duniani mwenye nguvu za kweli ni yule mzungu aliyeilaani Benfica isichukue kombe la Ulaya kwa miaka mia. Watu wakacheka, ubishi wote ukahamia kwenye laana. Nikagundua kati ya watu kama kumi waliokuwepo hakuna aliyejua huyo mzungu alifanya nini maishani zaidi ya kulaani. Hata jina lake hakuna aliyelitaja sawasawa.

Kwenye ubishi huo alikuwepo mdogo wangu, ana miaka 16, straika wa timu ya mtaani kwetu. Wiki hiyo kocha wao alikuwa amemwambia ahamie winga, na dogo ameshaamua kuacha mpira. Kila jamaa aliposema kocha si lolote, dogo ananiangalia kama vile ameshinda kesi. Basi nikakaa usiku nikaandika hii. Ni ndefu kidogo, anayelipia kwa dakika aikopi akasome nyumbani.

Anaitwa Béla Guttmann. Alizaliwa Budapest, Hungary, tarehe 27 Januari 1899, kwenye familia ya Kiyahudi. Baba na mama walikuwa walimu wa dansi, na yeye mwenyewe alipofika miaka 16 alikuwa ameshapata cheti cha kufundisha dansi. Msicheke. Mtu aliyefundisha dansi anajua kitu ambacho makocha wengi hawakijui, kwamba hatua unaweza kumfundisha mtu, na watu wawili wasiojuana wakifundishwa hatua zile zile watacheza pamoja kama mapacha. Hayo ni mawazo yangu mimi, lakini ukiangalia timu zake baadaye naona yanaingia akilini.

Mpira aliuchezea MTK ya Budapest, timu iliyokuwa imepita mikononi mwa Mwingereza mmoja, Jimmy Hogan. Hogan alikamatwa Austria vita ya kwanza ya dunia ilipoanza kwa sababu alikuwa raia wa nchi adui, akahamishiwa Budapest, na badala ya kukaa tu akawa anafundisha vijana wa MTK mpira wa chini, pasi fupi, mpira unakimbia kuliko mtu. Kwao Uingereza wakati ule watu walikuwa wanapenda kukimbia na kugongana. Guttmann alifika MTK mwaka 1919 akakuta misingi hiyo imeshawekwa, akachukua ubingwa wa Hungary 1920 na 1921. Alikuwa anacheza sentahafu, na sentahafu wa zamani hakuwa beki kama mnavyofikiria. Timu zilikuwa zinapanga mabeki wawili, mahafu watatu na washambuliaji watano, na yule wa katikati ndiye aliyekuwa anaanzisha mashambulizi yote. Kwa hiyo tangu ujana wake alizoea kuutazama mpira kutoka mahali pasi ya kwanza inapoanzia.

Mwaka 1922 akahamia Vienna kwenye timu ya Wayahudi inayoitwa Hakoah, kwa sababu Hungary maisha ya Myahudi yalishaanza kuwa ya mashaka. Hakoah walichukua ubingwa wa Austria mwaka 1925. Mwaka uliofuata wakaenda ziara Marekani, mechi moja New York ikaingiza watu 46,000, na wachezaji kadhaa wakaona dola wakagoma kurudi. Guttmann akiwemo. Huko alicheza mpira, akawa na hisa kwenye baa ya kificho maana pombe ilikuwa marufuku, akaweka akiba zake kwenye soko la hisa, na mwaka 1929 soko likaporomoka likaondoka nazo. Jamaa alikuwa mtu wa hela, nawaambia mapema ili mkifika kule Lisbon msishangae. Na alikuwa mkorofi pia. Kwenye Olimpiki ya Paris 1924 timu ya Hungary ilienda na viongozi wengi kuliko wachezaji, hoteli yenyewe ya kelele na yenye panya. Inasimuliwa kwamba Guttmann aliwakamata panya, akawaua, akawatundika kwenye milango ya vyumba vya viongozi. Hakuitwa tena timu ya taifa.

Ukocha aliuanza Hakoah mwaka 1933, akaenda Uholanzi, akarudi. Mwaka 1938 Hitler akaichukua Austria na Hakoah ikafungwa, Guttmann akakimbilia kwao Budapest akapewa Újpest, na mwaka 1939 akachukua ubingwa wa Hungary pamoja na Kombe la Mitropa, ambalo enzi zile ndilo lilikuwa kombe kubwa la klabu za Ulaya ya kati. Sheria za kuwabagua Wayahudi zikamtoa kazini.

Miaka iliyofuata sitaipamba. Wajerumani walipoivamia Hungary mwaka 1944 alifichwa kwenye dari na ndugu wa mwanamke aliyekuwa mke wake. Baadaye akaingia kwenye kambi ya kazi za kulazimishwa. Mwishoni mwa mwaka huo, zikiwa zimebaki siku chache wapakiwe kupelekwa Ujerumani, alitoroka na wenzake, na mmoja wao alikuwa kocha mwingine wa Kiyahudi, Ernő Egri Erbstein. Huyu Erbstein ndiye aliyekuja kuijenga ile Torino kubwa ya Italia, na akafa nayo kwenye ajali ya ndege mwaka 1949. Baba yake Guttmann na dada yake waliuawa na Wanazi. Maishani mwake hakuwa mtu wa kuyasimulia sana. Watu walimwona ni mtu wa kuhama hama, hakai timu zaidi ya miaka miwili mitatu, haamini viongozi, anadai chake mapema. Mimi nikisoma hapo huwa najiuliza angekuwaje vingine.

Vita ilipoisha alianza upya. Romania alikuwa analipwa kwa chakula maana pesa haikuwa na thamani. Akarudi Budapest akachukua ubingwa na Újpest mwaka 1947, kisha akapewa Kispest, timu iliyokuja kuitwa Honvéd. Pale alimkuta kijana mmoja mnene kidogo, mguu wa kushoto wa moto, anaitwa Ferenc Puskás. Na kocha aliyemwachia kiti alikuwa baba yake Puskás! Mwaka 1948 kwenye mechi moja kulikuwa na beki wao aliyekuwa anakata watu miguu, Guttmann wakati wa mapumziko akamwambia asirudi uwanjani, bora wacheze kumi. Puskás akamwambia yule beki arudi tu. Beki akamtii Puskás. Guttmann hakubishana, akapanda jukwaani akakaa na gazeti la mbio za farasi mpaka mechi ikaisha, akapanda tramu akaenda nyumbani, na kazi ile hakuirudia. Huyo Puskás mkumbukeni, atarudi.

Hapo katikati alizunguka Italia, akapita Argentina na Cyprus, nitawapitishia haraka. Cha kukumbuka ni AC Milan tu, walimfukuza mwaka 1955 timu ikiwa inaongoza ligi. Kuanzia hapo inasemekana kila mkataba wake alikuwa anaweka kipengele kwamba hawezi kufukuzwa timu ikiwa kileleni.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe, maana hapa ndipo penye jibu la yule jamaa wa kijiweni.

Mwishoni mwa mwaka 1956 Urusi ilipeleka vifaru Budapest kuzima mapinduzi. Honvéd walikuwa nje kwa mechi ya Kombe la Ulaya, wakagoma kurudi, wakafanya ziara ya Amerika Kusini bila kibali huku kocha wao wa ziara akiwa Guttmann. Ndiyo, na Puskás yumo. Ziara ilipoisha Guttmann akabaki Brazil akachukua kazi São Paulo FC, mwaka 1957.

Wabrazil tatizo lao halikuwa kipaji. Kila mmoja anapiga chenga, kila mmoja anatuliza mpira kifuani kama mtoto mchanga. Tatizo mpira ulikuwa unakaa mguuni muda mrefu mno, beki wa upande wa pili anapata nafasi ya kujipanga. Guttmann akawakomalia mazoezini: pokea, angalia, toa. Shuti lipigwe mapema, kabla kipa hajaweka miguu sawa. Wadau mliocheza mpira mnajua kumwambia mtu fundi aachie mpira mapema ni kama kumnyang'anya mtoto pipi. Lakini ndivyo chenga zinavyoanza kuwa na faida, maana mpira ukitembea haraka yule winga anaupokea akiwa na beki mmoja tu mbele yake badala ya watatu.

Halafu kulikuwa na upangaji. Timu nyingi duniani zilikuwa zinacheza WM, yaani mabeki watatu, mahafu wawili, viungo washambuliaji wawili na mbele watatu, kila mtu ana mtu wake wa kumkaba. Wahungary ndio waliovuruga hesabu hiyo. Kocha Márton Bukovi pale MTK, na baadaye Gusztáv Sebes wa timu ya taifa, walimrudisha sentafowadi nyuma, beki anayemkaba asijue amfuate au abaki. Uingereza walipigwa 6-3 Wembley mwaka 1953 kwa sababu hiyo. Kiungo mmoja akashuka kusaidia mabeki, na viungo washambuliaji wakasogea mbele. Ukihesabu unakuta nyuma wanne, katikati wawili, mbele wanne. Hiyo ndiyo 4-2-4. Brazil kwenyewe walikuwepo makocha waliokuwa wameshaanza kupanga hivyo kwa njia yao, kwa hiyo mtu akikwambia Guttmann ndiye aliyeileta peke yake anakudanganya. Alichofanya ni kuonyesha inavyofanya kazi kwa timu inayoshinda.

Na pale katikati kwa watu wawili ndipo palipo na siri. Wawili tu wanabeba uwanja mzima, wakizubaa timu inakatika vipande viwili. Guttmann alikuwa na Dino Sani, kijana mwenye pasi, na akamchukua Zizinho ambaye alikuwa ameshafika miaka 35, mtu ambaye Pelé alikuwa anamhusudu utotoni, watu wakamshangaa anamtaka mzee wa nini. Alimtaka kwa sababu mzee alikuwa anajua wakati wa kutoa mpira. São Paulo wakachukua ubingwa wa jimbo mwaka 1957. Pale pale klabuni alikuwepo Vicente Feola akifanya kazi na Guttmann, na mwaka uliofuata Feola ndiye aliyekuwa kocha wa Brazil kule Sweden. De Sordi, Mauro na Dino Sani wa São Paulo wakawemo kwenye kikosi. Brazil wakacheza 4-2-4 na kuchukua Kombe la Dunia lao la kwanza. Pelé alikuwa na miaka 17, Garrincha alikuwa Garrincha, sibishi. Lakini Brazil ya mwaka 1950 na ya 1954 nazo zilikuwa na vipaji.

Guttmann hakuwepo kushangilia. Alikuwa amehamia Ureno, Porto, akawakuta wako nyuma ya Benfica, akawafukuzia mpaka siku ya mwisho ya msimu wa 1958/59 na kuchukua ubingwa kwa tofauti ya goli moja tu. Halafu akafanya kitu ambacho hata hapa kwetu mtu angepigwa mawe, akavuka kwenda Benfica hao hao.

Alipofika Benfica mwaka 1959 jambo la kwanza aliwaondoa wachezaji wa kikosi cha kwanza 20. Ishirini! Akapandisha vijana.

Hapa naomba nisimame kidogo. Vitabu vingi vinaisifu hii kama ujasiri na kuendelea mbele. Mimi huwa nawafikiria wale 20. Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa namba kumi wa timu ya shule, kocha wetu siku moja akaniambia nakaa na mpira sana, akanishusha nikacheze chini, na hakueleza kitu kingine. Nikavua viatu nikaondoka. Aliyechukua namba yangu hakuwa na hata nusu ya chenga zangu, na timu ikaanza kufunga magoli mawili matatu kila mechi. Miaka yote nilijua nimeonewa. Nilipoanza kusoma habari za Guttmann na São Paulo ndipo nikaelewa yule kocha alikuwa anaona nini, na bado nadhani alipaswa kuniambia. Yote mawili ni kweli.

Turudi Lisbon. Benfica ile iliyobaki tazameni ilivyokuwa. Kipa Costa Pereira, mzaliwa wa Msumbiji. Mario Coluna pale katikati, Msumbiji. José Águas sentafowadi, kazaliwa Angola. Santana naye Angola. Ni Ureno ya kikoloni, inachukua pamba, korosho na wachezaji. Wakachukua ubingwa wa Ureno 1960 na tena 1961, na tarehe 31 Mei 1961 wakawa Bern, Uswisi, kwenye fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Barcelona.

Barcelona walikuwa na Kubala, Kocsis na Czibor, Wahungary watatu, wawili wa mwisho alikuwa nao kwenye ile ziara ya Honvéd. Kocsis na Czibor walishawahi kupoteza fainali ya Kombe la Dunia 1954 kwenye uwanja ule ule, 3-2 na Wajerumani. Siku hiyo wote wawili walifunga, Barcelona wakagonga milingoti mara kadhaa, na matokeo yakawa 3-2 tena. Benfica bingwa. Guttmann hakuwa mtu wa kulinda goli moja, imani yake ilikuwa wacha wafunge, sisi tutafunga moja zaidi yao.

Na Eusébio? Siku ya Bern hakucheza. Hapa ndio stori ya kinyozi.

Kocha mmoja Mbrazil, José Carlos Bauer, nyota wa zamani wa São Paulo, mwaka 1960 alipita Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, na timu ya Brazil iliyokuwa ziarani. Akamwona kijana anayechezea Sporting ya pale. Kijana alikulia kwenye mpira wa chandimu, peku, mpira wa soksi zilizojazwa magazeti. Ana kasi na shuti kama kombora. Bauer aliporudi kupitia Lisbon akakutana na Guttmann kwa kinyozi, wakapiga stori, akamtajia kijana yule. Wiki haikupita Benfica wakatuma watu. Tatizo timu ya kijana ilikuwa tawi la Sporting ya Lisbon, watani wa jadi wa Benfica, ni sawa na Simba kumchukua kijana wa Yanga usiku. Desemba 1960 wakamsafirisha kwa siri, kwenye mawasiliano wakamwita kwa jina la kike, Ruth, wakamficha hotelini kusini mwa Ureno mpaka kelele zikapungua. Kesi ya usajili ilimkalisha benchi miezi kadhaa. Mei 1961 akacheza mechi ya kwanza ya kirafiki, akafunga tatu. Juni, Paris, Benfica wanapigwa na Santos ya Pelé kama ngoma, Guttmann anamwingiza Eusébio, dogo anafunga tatu. Mechi iliisha 6-3 kwa Santos lakini waandishi walitoka pale wanamwongelea Eusébio.

Yule jamaa wa kijiweni atasema unaona sasa, kipaji kimefunga. Sawa kaka, lakini kipaji kile kilikuwa kinacheza Lourenço Marques na dunia haikijui. Na kilipofika kilikuta njia imeshachimbwa. Coluna anajua pasi ianzie wapi, Águas anajua kuwavuta mabeki, na winga ya kushoto kuna mtoto anaitwa António Simões, amepandishwa akiwa bado na miaka 17.

Tarehe 2 Mei 1962, Amsterdam, fainali, Real Madrid. Na namba kumi wa Real ni nani? Puskás. Dakika 23 tu ameshafunga mawili. Águas akarudisha moja, Cavém akasawazisha, Puskás akaweka la tatu. Mapumziko 3-2.

Kilichofuata nawaomba mkisome polepole. Guttmann hakumwongezea Puskás mtu wa kumkaba. Alitazama mipira ya Puskás inatoka wapi, akaona inatoka kwa Di Stéfano. Akampa Cavém kazi ya kuwa kivuli cha Di Stéfano. Bomba likafungwa juu, huku chini Puskás akabaki anasubiri maji. Di Stéfano alikuwa na miaka 35, Puskás 35, na Benfica wale vijana mapafu yao yalikuwa bado. Coluna akafunga kwa shuti la mbali, 3-3. Eusébio akafunga penalti. Eusébio tena, 5-3. Simões akawa mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kushinda fainali ya kombe hilo, miaka 18. Inasimuliwa kwamba filimbi ya mwisho ilipolia Puskás alimfuata Eusébio akampa jezi yake.

Kabla mwezi Juni wa mwaka huo haujaisha, tarehe 25, FRELIMO ikazaliwa Dar es Salaam kudai uhuru wa nchi ya Eusébio na Coluna. Nalitaja tu kwa sababu kwenye stori za Benfica huwa halitajwi. Ureno nzima ilikuwa barabarani inawashangilia vijana wa Msumbiji, na Msumbiji ilisubiri mpaka 1975.

Baada ya Amsterdam Guttmann akaenda kwa viongozi kuomba bonasi. Wakamjibu haimo kwenye mkataba. Akaondoka. Inasimuliwa kwamba alitoka akiwaambia Benfica hawatakuwa mabingwa wa Ulaya kwa miaka mia. Mimi laana siiamini, naona ni maneno yaliyokuzwa kila Benfica walipofungwa, lakini hesabu ndiyo hiyo: fainali za 1963, 1965, 1968, 1983, 1988, 1990, 2013 na 2014, zote nane wamepoteza. Mwaka 1990 fainali ilikuwa Vienna, na Guttmann alikuwa amezikwa Vienna, Eusébio akaenda kaburini kumwombea klabu msamaha. Milan wakashinda 1-0. Mwaka 2022 vijana wa Benfica walichukua Ligi ya Vijana ya UEFA kwa kuifunga Salzburg 6-0, wengine wakasema laana imeisha, wengine wakasema watoto hawahesabiki.

Mnaona kinachokosekana kwenye stori ya laana? Mtu aliyetengeneza timu ile alikuwa ameondoka. Viongozi waliokataa kumlipa walibaki na Eusébio, Coluna na Simões, wakaendelea kufika fainali kwa miaka mingine sita kwa mtaji aliouacha yeye.

Yeye mwenyewe hakupata tena kitu kama kile. Peñarol ya Uruguay, timu ya taifa ya Austria, akarudi Benfica msimu wa 1965/66 akatoka mikono mitupu, Uswisi, Ugiriki, mwishoni Porto tena. Alikuwa na msemo wake kwamba mwaka wa tatu na timu moja ni sumu, wachezaji wanakuzoea na wapinzani wanakusoma. Alifariki Vienna tarehe 28 Agosti 1981, akiwa na miaka 82. Mwaka 2014 Benfica wakamwekea sanamu pale uwanjani kwao, ameshika makombe mawili.

Dogo nimemsomea yote haya jana usiku. Alisikiliza vizuri mpaka kwenye wale wachezaji 20, akanuna, akasema na yeye ni wa 21. Nikamwambia hapana, wa 21 ni mimi, yeye bado hajaachwa, ameambiwa tu ahamie winga. Nikamwambia kitu kingine, aende akamuulize kocha wake kwa nini, kwa adabu, kitu ambacho mimi sikufanya. Akakaa kimya. Asubuhi nilipoamka viatu vyake havikuwepo mlangoni.

Mechi yao ni Jumapili jioni. Nitawawekea matokeo hapa hapa, na wenye stori za makocha waliowahamisha namba karibuni kwenye maoni, ila matusi nafuta.